Gauni Lenye Betri

Jumatatu, 3 Machi

Nimesalitiwa. Na damu yangu mwenyewe!

Asubuhi nilikuwa mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji, nachomoa nyuzi zilizonasa kwenye cherehani. Nikainua macho. Nani namwona ng'ambo ya barabara? Binti yangu, kifungua mimba, anayeolewa mwezi huu huu. Anaingia kwa Bwana Zipu! Fundi mwenye cherehani tatu na kioo cha kujitazama mwili mzima, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajui kufunga nguo kwa kitu kingine. Nikajibanza nyuma ya pazia. Futi ya kupimia ikazunguka kiuno cha mwanangu. Futi ya Zipu.

Fundi ni mimi. Baba ni mimi. Gauni la harusi linashonwa kwingine.

Mchana nikamweleza mke wangu. Hakushtuka, maana alikuwa anajua. Akanikumbusha ile sketi niliyomshonea binti siku ya mahafali yake, yenye vifungo vya sumaku. Sawa, ilinasa kwenye kiti cha chuma mbele ya wageni rasmi. Sawa, jina lake lilipoitwa alisimama pamoja na kiti. Lakini vifungo havikuachia! Ni fundi gani mwingine mjini ana vifungo vya namna hiyo? Mke wangu akasema hilo ndilo analolisema na yeye.

Tangu hapo sikai. Nikikaa, mguu unakanyaga cherehani isiyokuwepo. Nimetembea kutoka kibandani hadi kona na kurudi mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu ndiyo, heshima.

Jioni ikapita baiskeli yenye vitaa vidogo kwenye magurudumu, vinameremeta. Nikasimama palepale. Gauni linalowaka! Zipu hawezi hata kuliota. Nitalishona kwa siri, binti ataliona, atalia, atanikumbatia, na Zipu atabaki na kioo chake.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mama wa vipuri, yule mwenye duka dogo nyuma ya kituo, limejaa waya kila mahali kama kapu la nyuzi la fundi mchafu. Ni mama wa maneno machache, na yote makavu.

Nikamwambia nataka vitaa vya kupamba. Akanionyesha taa za LED, ndogo kama punje ya hindi. Nikachagua nyeupe za kifuani na nyekundu za upindo. Akaniuliza natumia betri gani. Nikamjibu nzuri. Akanipa betri ya mraba, ile ya volti tisa.

Halafu akanitolea vijidude vingine vyenye mistari ya rangi kiunoni. Akasema hizo ni rezista. Taa za namna hii hazina kiasi, akasema. Ukizipa umeme zitakunywa mpaka zipasuke, na kazi ya rezista ni kuzipimia. Kila taa na rezista yake. Akaongeza kwamba taa ina miguu miwili, mrefu unakwenda chanya, mfupi unakwenda hasi, ukikosea haiwaki. Akaniuliza nimeelewa. Nikamwambia mama, mimi ni fundi.

Binti yangu anafundisha fizikia sekondari. Angenieleza haya yote kwa dakika moja. Lakini siri ni siri.

Jumatano, 5 Machi

Siku ilianza vizuri.

Nimezitandaza taa mezani nikazikagua. Aibu! Kila taa ina mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi. Kiwandani watu hawana macho? Nguo ya namna hiyo mteja angenirushia usoni. Nikachukua mkasi, nikapunguza miguu yote, sawasawa, moja baada ya nyingine. Zilipokaa kwenye mstari zilipendeza mpaka nikapiga mluzi. Kisha nikakumbuka kwamba yule mama alisema kitu kuhusu mguu mrefu. Sikumbuki vizuri kilikuwa nini. Na sasa haihusu, maana hakuna mrefu.

Rezista nazo nzuri mno. Njano, zambarau, kahawia! Shanga za bure! Nimezishona kwa uzi wa pamba kuzunguka shingo yote ya gauni la majaribio, ambalo amevaa Shangazi. Shangazi ni sanamu langu la dukani, hana kichwa, ndiyo maana tunaelewana.

Nikaunga taa ya kwanza kwenye betri kwa waya mwembamba. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikawaka! Mwanga mweupe mkali, mzuri, wa kifalme! Nikaruka. Nilipotua ilikuwa imeshazimika, na kibanda kinanuka. Ya nne nayo ikafanya hivyo hivyo. Ya tano ikapiga kelele ndogo, pap, ikapasuka.

Mke wangu akapita kuuliza ni nini kimeungua. Nikasema pasi. Akasema pasi anayo yeye nyumbani, niliisahau tangu jana.

Hizi taa ni mbovu. Kesho nitamwambia yule mama ana kwa ana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia. Akaniuliza rezista ziko wapi. Nikamjibu ziko shingoni.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaweka chini kikombe chake cha chai, akacheka mpaka mteja wa redio akaacha redio akaja kusikiliza. Sijawahi kumwona yule mama hata akitabasamu, na leo nimemfanya afute machozi kwa kanga. Nilisubiri amalize. Alichelewa kumaliza.

Kisha, lazima niseme, akanieleza kwa upole. Haitoshi rezista kukaa jirani na taa. Umeme lazima upite ndani yake ndipo ufike kwenye taa. Nikakuna kichwa. Halafu, ghafla, nikaona! Ni kikaza uzi! Kwenye cherehani uzi hauendi kwenye sindano moja kwa moja, unapita kwanza kwenye kile kidude cha kuukaza. Usipopita hapo unamwagika wote chini ya kitambaa unafanya kiota. Rezista ni kikaza uzi cha umeme! Yule mama akakubali kwamba ndivyo, na akaonekana ameshangaa.

Nimerudi mbio kama kijana. Nimeelewa kitu ambacho Zipu hatakielewa hadi anazikwa. Na nimeelewa kuliko hata huyo mama mwenyewe, kwa sababu njiani nimegundua kosa lake. Cherehani ina kikaza uzi kimoja, na kinatosha mshono mzima, hata ukishona pazia la ukumbi. Sasa kwa nini kila taa iwe na rezista yake? Anataka kuuza tu. Rezista moja, gauni zima!

Ijumaa, 7 Machi

Rezista moja, gauni zima. Zimewaka nyekundu peke yake.

Nyeupe hata kukonyeza hazikonyezi. Nimezigeuza zile zilizokataa, maana nimegundua kwamba taa ikigeuzwa wakati mwingine inakubali. Nimepuliza. Nimepiga betri kofi. Nyekundu za upindo zinawaka kwa raha zao, nyeupe za kifuani zimenuna. Nikichomoa nyekundu, nyeupe zinawaka vizuri tu. Nikirudisha nyekundu, nyeupe zinalala. Nyekundu zinakula chakula chote! Shangazi anaonekana kama bibi harusi aliyekanyaga makaa.

Nimeshindwa kufikiri nikiwa nimesimama hapo. Nikavuka barabara nikaingia kwa Zipu kuazima sindano. Ninazo sindano. Nilitaka kuona.

Na nimeona. Gauni jeupe limetundikwa ukutani, limepigwa bandi tu, ile mishono ya muda, hata mikono haijatiwa. Kifua kimekaa upande. Mimi mwanangu naujua mwili wake tangu nguo za kitoto. Bega lake la kulia limeshuka kidogo, ukilikatia sawa na la kushoto nguo inakunja kwapani. Zipu amekata sawa. Mkono ukaniwasha. Nilitaka kulitoa lile bega hapohapo nilirekebishe.

Zipu akalifunika kwa shuka haraka, akanipa kiti, akanipa chai, akaniuliza hali ya mgongo wangu. Siku zote ana adabu, mtu yule! Ndiyo maana simpendi. Nikamwalika Jumapili kibandani kwangu, aje aone kitu. Akasema atakuja kwa furaha. Atajuta.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi!

Nimewapa nyeupe rezista yao na nyekundu yao, kila upande na kikaza uzi chake. Zote zinawaka! Hakuna aliyenifundisha. Nimejifundisha mwenyewe, kwa kichwa hiki hiki ambacho mke wangu anakisema vibaya.

Shida ni moja tu, mwanga ni hafifu. Kibandani kukiwa na giza zinaonekana, nikifungua mlango zinapotea. Bibi harusi hawezi kutembea na kabati la kujifungia. Jibu liko wazi. Betri moja haitoshi, nitaunga mbili, moja nyuma ya nyingine. Nimekwenda kununua. Mama wa vipuri akauliza kama nitabadilisha na rezista, maana umeme unaongezeka. Nikamwambia asijali. Akasema hajali yeye, anamhurumia atakayevaa.

Gauni sikulijaribu. Nikilijaribu peke yangu, ile furaha ya mwanzo itakuwa imetumika.

Nimepiga pasi gauni lote. Nimemfunika Shangazi kwa shuka. Nimemwambia binti yangu kwa simu kwamba kesho baada ya chakula apite kibandani, nina zawadi. Akauliza kama ina sumaku. Nikaapa haina.

Jumapili, 9 Machi

Walikuja wote. Mke wangu, binti yangu, na Zipu amevaa koti, amepaka mafuta nywele. Nilitoa hotuba fupi. Mke wangu anasema haikuwa fupi. Nikavuta shuka.

Ziliwaka! Nashuhudia hapa kwa mkono wangu kwamba ziliwaka. Kifua cheupe, upindo mwekundu, mchana kweupe! Zipu alisema lo. Nilimsikia. Binti yangu akaweka mkono mdomoni.

Kisha nikaona moshi.

Ulianzia shingoni, pale nilipoficha rezista ya taa nyeupe chini ya lesi. Moshi mwembamba, kama wa uvumba. Nilidhani ni vumbi. Binti yangu akapaza sauti kwamba nichomoe betri, rezista inaungua. Ningechomoa, lakini betri nilikuwa nimezishonea ndani ya bitana kwa mshono mara mbili, zisidondoke. Lesi ikawa ya kahawia, halafu nyeusi, halafu tundu. Mke wangu akachukua ndoo ya maji ya kupigia pasi akammwagia Shangazi yote. Shangazi akaanguka. Zipu akamdaka kiunoni asivunjike, koti lake likalowa lote, naye akamweka chini taratibu kama mgonjwa.

Nilitamani kukemewa. Hakuna aliyenikemea. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikiwa na mkasi mkononi bila kujua nakata nini.

Binti yangu akachuchumaa akafungua mshono, akatoa betri, akaigusa rezista akarudisha kidole haraka. Akageuza taa moja mkononi akauliza nani amekata miguu. Nikauficha mkasi mgongoni. Akaniambia hata ikikatwa hivyo bado inajulikana, pembeni pa taa upande wa hasi pamebapa. Hata mama wa vipuri hakuniambia hilo!

Halafu akasema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema, maana nitalisoma tena. Alisema mikono yangu anaitaka, na alikuwa anaitaka tangu siku aliyoposwa. Kinachomtia hofu ni kichwa changu. Anataka siku moja tu katika maisha yake aingie mahali, watu wamtazame yeye, wasisubiri kuona nguo itafanya nini. Ndiyo maana alikwenda ng'ambo ya barabara.

Nililia. Mbele ya Zipu.

Na Zipu akafanya nini? Akavuka barabara na koti lake bichi, akarudi na lile gauni jeupe amelikunja, akanikabidhi. Akasema bega la kulia lilimsumbua tangu mwanzo na hakujua kwa nini.

Binti ametoa sharti. Gauni jeupe, la kawaida. Hakuna betri, hakuna sumaku, hakuna kitu kinachohitaji maelezo. Nimeapa. Mke wangu akataka niape mara ya pili, nikimtazama yeye.

Alhamisi, 13 Machi

Nashona. Naogopa hata kukohoa karibu nalo.

Nimefumua kazi yote ya Zipu, nikakata upya bega la kulia. Leo binti amekuja kulijaribu. Lilikaa. Hakuna kilichokunja, hakuna kilichovuta. Akajigeuza, akainua mikono, akaishusha, akaniambia baba, sihisi kama nimevaa kitu. Nikajifanya natafuta pini.

Ni nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Mtu mwingine angetulia.

Lakini haifanyi kitu! Imening'inia tu! Naizunguka mara kulia, mara kushoto. Nimetia mshono wa kufichwa mahali ambapo hata panya hataona. Nimesugua mashine. Nimepanga vifungo kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha kwa ukubwa tena. Mkono bado unawasha.

Kwenye droo imebaki taa moja nyeupe. Moja tu. Nimeifunga droo. Nimeifungua. Nimeifunga.

Jumanne, 18 Machi

Nimeapa kuhusu betri. Betri. Ile ya mraba. Hii niliyonayo ni bapa, ya saa ya mkono, ukubwa wa kifungo. Fundi anayekataa vifungo afunge duka.

Tena ni taa moja! Rezista ya nini hapo? Rezista ni ya watu wenye taa nyingi. Itakaa ndani ya upindo wa nyuma, chini kabisa, itoe mwanga mdogo kama wa kimulimuli pale anapoingia ukumbini. Sekunde chache. Hakuna atakayejua ni nguo, watadhani ni neema. Swichi ni kishikizo kidogo cha kubana: kikifungwa, taa inawaka. Baba wa bibi harusi akiinama mlangoni kunyoosha upindo wa mwanawe, nani atamshuku?

Ile taa ilikuwa na miguu yake kama ilivyotoka kiwandani, nilisahau kuikata siku ile. Mguu mrefu ungemchoma kisiginoni. Nikaipunguza miguu, sawasawa. Sehemu iliyobapa nilikumbuka kuitafuta baada ya kufunga mshono. Basi.

Jumamosi, 22 Machi

Harusi.

Mlangoni pa ukumbi nikainama. Nikabana kishikizo. Hakuna kitu. Nikabana tena kwa nguvu. Hakuna kitu. Wimbo umeanza, watu wamesimama, mimi bado niko chini nabana. Mama wa bwana harusi akamwambia jirani yake, nikasikia, kwamba hajawahi kuona baba mwenye mapenzi namna hii, amepiga magoti kunyoosha nguo ya mwanawe. Binti yangu akatazama chini. Akatabasamu, akaninyanyua kwa mkono, tukaingia.

Wote walimtazama yeye. Usoni. Sikuona mtu hata mmoja akitazama nguo, ila Zipu, ambaye alikuja baadaye akaniomba ruhusa, akapitisha kidole kwenye bega la kulia, akasema mshono kama huo yeye hauwezi. Alisema mbele ya watu. Nimesubiri maneno hayo miaka yote niliyofanya kazi ng'ambo ya mtu huyu, na yalipokuja nilikuwa nafikiria kishikizo tu.

Ilikuwa betri. Nina hakika ni betri.

Jumatatu, 24 Machi

Binti amekuja na mumewe kuaga. Akanivuta pembeni akaniambia haikuwa betri.

Anajua! Alijua kabla hajatoka nyumbani. Alipokuwa anavishwa aliuhisi ule uvimbe upindoni, akafumua kidogo kwa kucha akachungulia. Aliiona taa, aliona miguu imekatwa sawa, akaona upande uliobapa umeunganishwa kwenye chanya. Niliiweka kinyume. Angeweza kuigeuza au kuing'oa. Akairudisha kama ilivyo, akarudishia mshono, akavaa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kinyume ilikuwa salama, na bila ule uvimbe ingekuwa nguo ya fundi mwingine.

Nimemkumbatia mpaka mumewe akaanza kutazama saa. Wamekwenda. Kibanda kimekuwa kikubwa ghafla, na Shangazi yuko uchi kwenye kona.

Nimekaa nikayatafakari maneno yake vizuri, na nimeyaelewa. Aliipenda ile taa! Alichokikataa ni betri na waya kuonekana. Kumbe kosa langu lilikuwa la upande tu.

Mchana akaja mama wa bwana harusi. Ameliona gauni, hajalala kwa kulifikiria, anataka nimshonee lake. Akasisitiza liwe la kawaida kabisa, kama lile. Nikamwahidi litakuwa kama lile hasa.

Nimetoka sasa hivi kwa mama wa vipuri. Alianza tena habari za rezista, nikamkatiza, nikamwambia haya mambo nimeshayapitia. Taa mpya ziko mezani mbele yangu, kwenye mstari, zinapendeza. Miguu yote nimeshaipunguza sawasawa.